Fred Perry: Mwana wa msokota pamba aliyeliteka soko la mavazi ya michezo

KATIKA marundo ya mitumba yanayofunguliwa kila wiki sokoni Voi, Kongowea au Gikomba, hutokea mara kwa mara shati jepesi la pamba lenye kola, mikono mifupi na nembo ndogo ya shada la majani kifuani upande wa kushoto. Mnunuzi hukagua kola na mishono, akapatana bei na mwuzaji, akaenda zake.

Ni wachache wanaojua kwamba shati hilo lina jina la mtu aliyeishi. Ni wachache zaidi wanaojua kwamba mtu huyo, mwana wa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, aliwahi kuwa mchezaji tenisi bora duniani, akadharauliwa na wenye mchezo huo nyumbani kwao, akafungiwa mlango, kisha akarudi kwa mlango mwingine akiwa mfanyabiashara.

Mtu huyo ni Frederick John Perry, maarufu Fred Perry, aliyeaga dunia Februari 2, 1995 mjini Melbourne, Australia, akiwa na umri wa miaka 85.

Perry alizaliwa Mei 18, 1909 mjini Stockport, kaskazini mwa Uingereza, katika eneo lililokuwa likiishi kwa viwanda vya pamba. Baba yake, Samuel Perry, alianza maisha kama msokota nyuzi katika viwanda hivyo. Baadaye alijitosa katika harakati za vyama vya ushirika, akapanda ngazi hadi kuwa mmoja wa viongozi wa kitaifa wa harakati hizo.

Kazi hiyo ndiyo iliyoihamishia familia London baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Walipata makao Ealing, magharibi mwa jiji, katika mtaa wa Brentham uliojengwa kwa mfumo wa ushirika. Mtaa huo ulikuwa na klabu yenye viwanja vya michezo, na humo ndimo kijana Fred alimoshikia raketi kwa mara ya kwanza.

Samuel Perry alichaguliwa mbunge wa Kettering mwaka wa 1923 kwa tiketi ya vyama vya Leba na Ushirika. Alikipoteza kiti hicho mwaka uliofuata, akakitwaa tena mwaka wa 1929 na kukishikilia hadi 1931. Hata hivyo, ubunge wa chama cha wafanyakazi haukuifanya familia hiyo ihesabiwe miongoni mwa watu wa tabaka la juu. Jambo hilo lingemfuata mwanawe hadi viwanjani.

Mchezo wa kwanza uliompa Perry sifa haukuwa tenisi ya uwanjani bali tenisi ya meza. Mwezi Januari 1929, akiwa na umri wa miaka 19 tu, alitwaa ubingwa wa dunia mjini Budapest, Hungary.

Kwa wengi, ubingwa wa dunia ungekuwa kilele cha safari. Kwa Perry ulikuwa mwisho wa hatua ya kwanza. Alikuwa tayari amevutiwa na tenisi ya uwanjani, na mwenyewe alisimulia baadaye kuwa kilichomvutia mwanzoni ni magari ya kifahari aliyoyaona yameegeshwa nje ya mashindano mjini Eastbourne. Alipoambiwa kuwa magari hayo ni ya wachezaji, aliamua huo ndio mchezo wake.

Baba yake alikubali kumkimu kwa muda ili aone kama angefaulu. Hiyo haikuwa fadhila ndogo. Tenisi ya wakati huo ilikuwa mchezo wa ridhaa, maana yake mchezaji hakuruhusiwa kulipwa wala kupokea zawadi ya fedha. Mtoto wa tajiri angeweza kuzunguka dunia akicheza bila kujiuliza atakula nini kesho. Mtoto wa mfanyakazi alihitaji mtu wa kumbeba.

Perry alikuja na silaha aliyoitoa mezani. Katika tenisi ya meza, mpira hupigwa mara tu unapodunda, kabla haujafika juu. Perry alitumia miezi mingi akijizoeza kufanya vivyo hivyo kwenye uwanja mkubwa. Mpinzani aliyekuwa amezoea kupata nafasi ya kurudi mahali pake alijikuta mpira umekwisha kumrudia kabla hajajipanga.

Aliongeza juu ya hilo uimara wa mwili ambao haukuwa wa kawaida kwa wachezaji wa zama zile. Alijulikana kwa kuwashinda wenzake katika seti ya tano, wakati wao wanahema naye bado anakimbia.

Matunda yalianza kuonekana mwaka wa 1933. Uingereza ilikuwa haijatwaa Kombe la Davis, mashindano ya tenisi baina ya mataifa, tangu 1912. Ufaransa nayo ilikuwa imelishikilia tangu 1927. Mjini Paris, mbele ya mashabiki wa wenyeji, Perry alishinda mchezo wa mwisho ulioamua mshindi na kombe likavuka bahari kwenda London. Lilikaa huko hadi 1936.

Mwaka huo huo wa 1933 alitwaa ubingwa wa Marekani. Mwaka wa 1934 aliongeza ubingwa wa Australia, kisha ukafika mwezi Julai na mashindano ya Wimbledon.

Katika fainali Perry alikutana na Jack Crawford wa Australia, aliyekuwa bingwa mtetezi na kipenzi cha watazamaji. Alimshinda kwa seti tatu mfululizo, 6-3, 6-0 na 7-5. Ilikuwa ni mara ya kwanza katika robo karne kwa Mwingereza kutwaa taji hilo la wanaume nyumbani.

Lililofuata lilikaa moyoni mwa Perry maisha yake yote. Kwa mujibu wa masimulizi yake, alikuwa bado bafuni akijipumzisha aliposikia mjumbe mmoja wa kamati ya klabu akiingia chumba cha kubadilishia nguo na kumpongeza Crawford, aliyeshindwa, akimweleza kuwa siku hiyo hakushinda aliyestahili. Crawford alipewa chupa ya shampeni. Perry alipotoka, aliikuta tai ya uanachama wa klabu, heshima inayotolewa kwa bingwa, imetupwa juu ya kiti bila neno wala mkono wa pongezi.

Klabu hiyo ilikuwa ya watu waliosoma katika shule za fahari na kurithi mashamba na majina. Perry hakusoma katika shule hizo. Aliongea waziwazi, alicheza kwa nia ya kushinda na hakuficha kuwa anafurahia ushindi. Katika tabaka lile, kujitahidi kupita kiasi kulihesabiwa ni ukosefu wa adabu.

Jibu lake lilikuwa kushinda tena. Mwaka wa 1935 alitwaa ubingwa wa Ufaransa na hivyo kuwa mchezaji wa kwanza wa kiume katika historia kuyapata mataji yote manne makuu ya tenisi: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Mwaka huo pia alihifadhi taji la Wimbledon.

Mwaka wa 1936 alilitwaa kwa mara ya tatu mfululizo. Katika fainali alimfunga Gottfried von Cramm wa Ujerumani, ambaye alikuwa ameumia, kwa 6-1, 6-1 na 6-0 katika muda usiofika dakika 45. Baadaye mwaka huo alitwaa ubingwa wa Marekani kwa mara ya tatu, likiwa taji lake kuu la nane kwa mchezaji mmoja mmoja.

Akiwa na umri wa miaka 27, Perry hakuwa na mpinzani. Hakuwa na fedha pia.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha yake. Viwanja vya Wimbledon vilijaa watu waliolipa kiingilio kumwona. Magazeti yaliuzwa kwa jina lake. Waandaaji wa mashindano walipata mapato, nayo nchi ilipata sifa. Aliyekatazwa kupata chochote ni yule yule aliyekuwa akitoka jasho.

Wakenya wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Kipchoge Keino, bingwa wa Olimpiki wa miaka ya 1968 na 1972, alikimbia miaka yake bora chini ya kanuni hizo hizo za ridhaa, na alipojiunga na mashindano ya kulipwa ya Marekani mwaka wa 1973 alijifungia milango ya mashindano ya ridhaa.

Perry alifanya uamuzi huo miaka 37 kabla. Mwishoni mwa 1936 alitia saini mkataba wa kucheza kwa malipo. Januari 6, 1937 aliingia uwanja wa ndani wa Madison Square Garden, New York, kupambana na Mmarekani Ellsworth Vines mbele ya watazamaji zaidi ya 17,000. Ziara ya wawili hao iliendelea katika miji mingi ya Marekani, na kwa mara ya kwanza bingwa huyo alipata mapato yaliyolingana na kazi yake.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Klabu ya Wimbledon ilimvua uanachama aliopewa kama bingwa. Hakuruhusiwa tena kucheza katika mashindano makuu, wala kuiwakilisha nchi yake katika Kombe la Davis. Uingereza ililipoteza kombe hilo mwaka huo huo wa 1937.

Perry aliyahamishia maisha yake Marekani. Alikuwa kijana mtanashati, mcheshi, na waigizaji wa filamu wa Hollywood walimpenda. Yeye na Vines, mpinzani wake uwanjani, walishirikiana kununua klabu ya tenisi ya Beverly Hills, iliyopata kuwa makutano ya nyota hao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alichukua uraia wa Marekani, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia katika jeshi la anga la nchi hiyo.

Kabla ya hapo, mwezi Desemba 1941, aliumia vibaya kiwiko cha mkono wa kulia akicheza New York. Jeraha hilo lilimaliza zama zake za kuwa miongoni mwa walio bora. Wanamichezo wengi hufika hapo na kubaki na kabati la vikombe, albamu ya picha na masimulizi ya kuwapa wajukuu.

Mwishoni mwa miaka ya 1940, mtu mmoja aitwaye Tibby Wegner alimwendea Perry na wazo. Wegner alikuwa Mwaustria aliyewahi kucheza soka, na alichokuwa nacho mkononi ni kifaa cha kuvaliwa kwenye kifundo cha mkono ili kuzuia jasho lisitiririkie kiganjani.

Perry alikitazama kwa jicho la mchezaji. Alijua jinsi raketi inavyoteleza katika seti ya tano. Alishauri kipunguzwe uzito, kiwe laini na kifyonze jasho vizuri zaidi. Matokeo yake ni utepe wa kitambaa kifundoni ambao leo huvaliwa na wachezaji wa tenisi, mpira wa kikapu na hata mashabiki wasiocheza chochote.

Wawili hao waliwapa wachezaji mashuhuri bidhaa hiyo bila malipo. Picha zilipotoka magazetini, wateja walianza kuiulizia madukani. Ilikuwa njia ya matangazo isiyohitaji kununua nafasi gazetini, na baadaye kampuni zote kubwa za mavazi ya michezo ziliifuata.

Kutoka kifundoni walihamia kifuani. Wegner alipendekeza watengeneze shati la michezo la pamba nyeupe, lenye mikono mifupi na vifungo vya mbele. Wazo lenyewe halikuwa geni. Mfaransa René Lacoste, bingwa wa tenisi wa miaka ya 1920 aliyebandikwa jina la mamba, alikuwa ameanzisha kampuni ya mashati ya aina hiyo mwaka wa 1933 na kutia nembo ya mamba kifuani.

Perry naye alihitaji nembo. Kwa kuwa alikuwa mvutaji wa kiko, alitaka kiko ndicho kiwe alama yake. Wegner alikataa, akihoji kuwa wasichana wasingevutiwa na shati lenye picha ya kiko. Ndipo Perry alipokumbuka shada la majani, alama ya kale ya ushindi iliyokuwa ikitumiwa Wimbledon na ambayo yeye mwenyewe aliivaa alipokuwa akiiwakilisha Uingereza.

Hivyo alama ya wale waliomtupia tai juu ya kiti ikawa nembo ya biashara ya mwana wa msokota pamba. Shati lilizinduliwa mwaka wa 1952, tena huko huko Wimbledon, na likapata soko mara moja.

Perry hakuwa mgeni tena viwanjani hapo. Alikuwa akirudi kila mwaka kama mchambuzi wa mashindano katika redio ya BBC, kazi aliyoifanya kwa miongo kadhaa. Sauti yake iliingia majumbani kupitia redio, na jina lake likaonekana vifuani mwa wachezaji. Kijana ambaye hakuwahi kumwona akicheza alilijua jina lake kupitia shati.

Baada ya hapo shati lilitoka viwanjani na kwenda mitaani bila kuombwa ruhusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa mijini Uingereza waliopenda unadhifu na pikipiki ndogo walilifanya vazi lao. Lilikuwa nadhifu, lilistahimili jasho la dansi usiku kucha, na bei yake haikuwa ya kumshinda mfanyakazi.

Mwishoni mwa muongo huo lilichukuliwa na vijana wa mitaa ya wafanyakazi walionyoa vichwa, wengi wao wakicheza muziki wa Jamaika pamoja na vijana weusi. Katika miaka ya 1970 na 1980 baadhi ya makundi hayo yalitekwa na siasa za ubaguzi wa rangi. Wakati huo huo, bendi za muziki za Uingereza zilizochanganya weusi na weupe zililivaa shati hilo hilo jukwaani kupinga ubaguzi. Nembo moja ilijikuta kwenye pande mbili za ugomvi.

Wakati huo Perry hakuwa tena mwenye kampuni. Biashara iliuzwa mapema miaka ya 1960, ingawa yeye aliendelea kuhusishwa nayo kama sura na jina lake. Mwaka wa 1995, mwaka alioaga dunia, kampuni ilinunuliwa na Hit Union ya Japani.

Jaribio kubwa zaidi kwa jina hilo lilikuja baada ya kifo chake. Kundi la mrengo wa kulia la Marekani liitwalo Proud Boys, lililoanzishwa mwaka wa 2016, lilichukua shati jeusi lenye mistari ya manjano na kulifanya sare yake. Kampuni ililikana kundi hilo waziwazi, na Septemba 2020 ikatangaza kuwa imeacha kuliuza shati la rangi hizo Marekani na Kanada.

Katika kulikana, kampuni ilirejea maisha ya mwanzilishi wake: mwana wa mbunge wa chama cha wafanyakazi, aliyeshirikiana kibiashara na Mwaustria mwenye asili ya Kiyahudi kutoka Ulaya ya Mashariki. Robo karne baada ya kuzikwa, historia ya Perry ndiyo iliyolitetea jina lake.

Wimbledon nayo ilikuwa imekwisha kupatana naye. Mwaka wa 1984, miaka 50 tangu ushindi wake wa kwanza, klabu ilizindua sanamu yake ndani ya viwanja vyake na kulipa mojawapo ya malango jina lake. Perry alikuwepo, akiwa na umri wa miaka 75, kujionea mwenyewe.

Rekodi yake ilidumu kuliko alivyotarajia yeyote. Hakuna Mwingereza mwingine aliyeshinda taji la wanaume Wimbledon hadi Julai 2013, Andy Murray alipovunja ukame wa miaka 77. Mapema katika maisha yake ya uchezaji, Murray alikuwa akicheza akiwa amevaa mashati yenye shada la majani.

Kwa Kenya, maisha ya Perry yanagusa jambo ambalo halijapata jibu. Nchi hii imetoa mabingwa wa dunia kwa zaidi ya nusu karne, na karibu wote wamekimbia wakiwa na nembo za kampuni za ng'ambo vifuani na miguuni. Tangu Marekani ilipopitisha sheria ya AGOA mwaka wa 2000, viwanda vya maeneo maalumu ya mauzo ya nje, Athi River na Mombasa, vimeshona mamilioni ya nguo kwa ajili ya soko la Marekani, lakini majina yaliyo kwenye nguo hizo ni ya wengine.

Nguo zikishachakaa huko ughaibuni hurudi kama mitumba, zikipanda kwa malori kutoka bandari ya Mombasa kupitia Maungu na Ndara hadi Voi, na kuendelea bara. Mkenya huzishona, huzinunua zikiwa kuukuu, na faida ya jina hubaki kwa mwenye jina.

Perry hakuanza na kiwanda wala mtaji mkubwa. Alianza na utepe wa kufyonza jasho, mshirika mwenye ujuzi wa biashara, na jina alilolichuma uwanjani. La muhimu zaidi, aliutambua mapema ukweli ambao mabingwa wengi huutambua wakiwa wamechelewa: kwamba mwili una miaka michache ya kushinda, na kwamba jina lililochumwa katika miaka hiyo lina bei, nalo litauzwa na mtu fulani hata kama mwenyewe hataki.

Kijana anayekimbia au kuendesha baiskeli leo chini ya milima ya Sagalla na Ndara huenda asiwahi kushika raketi maishani. Swali lililomkabili Perry mwaka wa 1936 litamkabili naye siku atakaposhinda, na inafaa awe ameshaamua nani atakayeweka saini kwa niaba ya jina lake.